“Haina Madhara” ni Tusi kwa Mitishamba

Kauli yenyewe haina mwenyewe. Utaisikia stendi ya mabasi ikitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya gari dogo, utaisoma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, utaiona imebandikwa kwenye kopo la unga wa kijani: ni ya asili, haina kemikali, haina madhara. Zamani iliambatana na dawa za minyoo, za mgongo na za nguvu za kiume. Sasa imehamia kwenye usingizi, wasiwasi, huzuni isiyoisha na kile kinachoitwa kuimarisha afya kwa ujumla, na huko imepata wateja wapya: mfanyakazi wa mjini anayehesabu saa kitandani, mama aliyechoka bila kujua amechoshwa na nini, mwanachuo anayeogopa mitihani. Hata wasiotumia mitishamba wanaikubali. Mpinzani wa kawaida atasema dawa hizo hazisaidii kitu. Ni nadra kumsikia akisema zinaweza kudhuru. Mnunuzi naye anapiga hesabu nyepesi: ikisaidia nimepata, isiposaidia nimepoteza pesa tu.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoipinga, wala siipingi kwa niaba ya famasi. Nasema kauli ya “haina madhara” ni tusi kwa mitishamba yenyewe. Anayedai kwamba mmea fulani unaleta usingizi, na papo hapo akadai kwamba hauwezi kumdhuru mtu yeyote kwa kiasi chochote, ametoa kauli mbili zisizokaa zizi moja. Ama mmea unafanya kazi mwilini, na kinachofanya kazi mwilini kinaweza kuzidi, kinaweza kugombana na kingine, kinaweza kumkuta mtu ambaye hakimfai. Ama haufanyi kazi, na hapo mnunuzi ameuziwa majani makavu. Anayeiheshimu dawa ya miti hana budi kuiogopa kidogo.

Tuanze na hilo la kemikali. Mmea haukuutengeneza uchungu wake kwa ajili yetu. Umesimama mahali pamoja, hauwezi kumkimbia mbuzi wala kiwavi, basi umejiwekea silaha kwenye gome, mizizi, majani na mbegu. Kafeini ya kahawa ya Bukoba na nikotini ya tumbaku ya Tabora ni silaha za namna hiyo dhidi ya wadudu, na zote mbili zinaugusa ubongo wa binadamu kwa sababu mishipa ya fahamu ya mdudu na ya mtu inafanana kuliko tunavyopenda kukubali. Ili jani likulaze, lazima kitu kilichomo ndani yake kitoke tumboni, kiingie kwenye damu, kipite kwenye ini, kifike kichwani na kubadilisha jambo huko. Kitu hicho ni kemikali. Mwili haujui kama kimetoka kwenye kiwanda cha Mumbai au kwenye kichaka cha Handeni. Unajua ni kitu gani, ni kiasi gani, na kimekutana na nini kingine njiani.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba mababu walitumia mitishamba karne na karne bila kudhurika. Mababu gani hao? Katika nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, Wagiriama walikata vijiti na mizizi ya msunguti, wakaichemsha kwa saa nyingi mpaka ukabaki utomvu mweusi, mzito, unaonata. Utomvu huo uliuzwa kwa wawindaji Wawata, ambao kwa upinde na mshale mmoja waliweza kumwangusha tembo wa Tsavo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aliyeitwa Arnaud aliitenga kutoka kwenye msunguti dutu inayofanya kazi hiyo. Wanasayansi wanaiita uabaini, na kwa miaka mingi madaktari wa Ujerumani waliwadunga wagonjwa wa moyo dutu hiyo hiyo kwa vipimo vidogo mno. Jambo la kutazama hapa ni jinsi sumu ilivyopimwa. Mtu alijichanja kidogo, akaacha damu ichirizike mkononi, akaigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi, akatazama weusi unavyopanda kwa kasi gani, kisha akaufuta kabla haujafika kwenye jeraha. Sumu iliyolala ilipanda polepole, sumu kali ilipanda mbio. Fundi huyo alijua kilichomo mkononi mwake kina nguvu kiasi gani siku hiyo, na alijua kosa lake lingemgharimu nini. Hakuna mzee wa aina hiyo ambaye angekubali kusema miti haina madhara. Maarifa ya miti, popote yalipokuwa maarifa kweli, yalikuwa maarifa ya mpaka: hapa ni dawa, kuanzia pale ni kifo. Waliourithi mti bila kuurithi mpaka wake hawana haki ya kujiita warithi wa mababu.

Mtu atasema msunguti ni sumu ya mshale, haihusiani na usingizi wala huzuni. Basi tuuchukue msesewe. Anayeijua mbege ya Kilimanjaro anaujua: ni gome chungu linalotiwa kwenye pombe ile ya ndizi na ulezi. Kwa wataalamu wa mimea ni Rauvolfia caffra, na jamaa zake wametapakaa Afrika na Asia. Jamaa wa India, Rauvolfia serpentina, alitumika huko tangu zamani kuwatuliza wenye wazimu na kuwalaza wasiolala. Mwaka 1931 Sen na Bose, watafiti wawili kutoka India, walichapisha taarifa za kitabibu kuhusu nguvu zake juu ya wazimu na shinikizo la damu. Mwaka 1952 kampuni ya Ciba huko Basel ikaitenga dutu yake kuu, reserpini, na muda si mrefu ikaenea hospitalini. Jamaa wa misitu ya Kongo na Uganda, Rauvolfia vomitoria, naye anayo, na mizizi yake ilichimbwa Kongo na kusafirishwa kwenda viwanda vya Ulaya. Kwa hiyo hapa tuna kitu ambacho watetezi wa mitishamba wangetamani: mti wa kienyeji unaotuliza akili, ukathibitishwa, ukaingia wodini. Ulifanya kazi. Wagonjwa waliokuwa wakifungwa kamba walitulia, presha zikashuka.

Kisha madaktari wakaanza kuandika jambo jingine. Baadhi ya watu waliokuwa wakitumia reserpini kwa ajili ya presha tu, watu ambao hawakuwa na tatizo la akili, waliingia kwenye huzuni nzito, na wengine walifikia kuwaza kujiua. Ukubwa wa tatizo hilo unabishaniwa hadi leo, lakini utendaji wa dawa haubishaniwi: reserpini inamaliza akiba ya serotonini, dopamini na noradrenalini kwenye mishipa ya fahamu. Kumtuliza mwenye fujo na kumzamisha mwenye amani ni kazi ya mkono mmoja. Sisemi mbege inaleta sonona. Nasema kwamba mti wenye uwezo wa kushusha pepo za mtu una uwezo wa kushusha na furaha yake, na anayeuuza kama chai ya kutuliza mawazo, bila kumuuliza mnunuzi kama tayari ana huzuni, anacheza na kitu kikubwa kuliko yeye.

Mfano wa karibu zaidi umo jikoni. Kungumanga hukwanguliwa kwenye maziwa ya moto usiku, na wengi Unguja na Mombasa watakuambia kwamba maziwa hayo yanaleta usingizi. Ukikwangua kidogo, yakabaki madoa machache ya kahawia juu ya maziwa, umepata harufu nzuri na labda utulivu. Kokwa zima lina uzito wa gramu 5 hivi, pengine zaidi, na ni kuanzia hapo ndipo taarifa za sumu zinapoanza: mdomo kukauka, moyo kwenda mbio, hofu, kuona visivyokuwepo, hali ambayo inaweza kudumu siku nzima au mbili. Hatari yake kubwa imo kwenye saa. Kungumanga haianzi kazi papo hapo; huchukua saa tatu, nne, hata zaidi. Asiyelala amekunywa saa tatu usiku, saa tano bado macho makavu, anaona dawa ni dhaifu, anakwangua tena kokwa lililobaki. Saa nane usiku anaamshwa na moyo wake mwenyewe. Hapo hakuna kampuni iliyoghushi wala mganga tapeli. Kuna kiungo halisi cha Zanzibar, cha asili asilimia 100, na mtu aliyeambiwa kwamba cha asili hakizidi.

Sasa tuje kwenye mmea wenye ushahidi bora kuliko yote katika jambo la huzuni, kwa sababu hapo ndipo kauli ya “haina madhara” inapovunjika vibaya zaidi. Hypericum perforatum ni mmea mfupi wa Ulaya wenye maua ya njano. Nduguye, Hypericum revolutum, anaota kama mti mdogo kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ule wa Ulaya umepimwa sana. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, yakaona kwamba kwa sonona ya kiwango cha chini na cha kati dondoo za mmea huu zinashinda vidonge vya bandia na zinalingana na dawa za kawaida za sonona, tena kwa maudhi machache kuliko hizo. Mtetezi wa mitishamba ana haki ya kusherehekea. Lakini asisherehekee akaacha nusu ya pili ya habari.

Ndani ya mmea huo kuna dutu iitwayo haipaforini, inayoliamsha ini na utumbo viongeze kimeng’enya kinachovunjavunja dawa nyingi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya mmea huu pamoja na indinavir, dawa ya kupunguza makali ya VVU iliyokuwa ikitumika wakati huo, wakakuta kiasi cha dawa kwenye damu kimeporomoka kwa asilimia 57. Mwaka huo huo, huko Zurich, ilitolewa taarifa ya wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa moyo mpya, kwa sababu mmea ulikuwa umeiondoa dawa iliyokuwa ikiulinda. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vimo kwenye orodha, na maelekezo ya dolutegravir, ambayo leo ndiyo dawa ya mstari wa kwanza kwa watu wanaoishi na VVU katika nchi zetu, yanautaja mmea huu kwa jina. Fikiria mteja wa kliniki ya VVU (CTC) anayemeza dawa zake kila siku bila kukosa, akaletewa na ndugu aliye ughaibuni kopo la vidonge vya “kuchangamsha moyo, vya asili kabisa”. Hatajisikia vibaya. Kinyume chake, huenda akajisikia vizuri zaidi. Na wakati huo virusi vinapata nafasi ya kujifunza usugu. Daktari akimuuliza kama ametumia dawa nyingine atajibu hapana, kwa sababu ameambiwa hicho si dawa, ni kitu cha asili. Uongo wa kopo umempora hata swali la daktari.

Pingamizi la kwanza ni la haki, nalo ni hili: si kila mmea ni msunguti. Mchaichai, tangawizi, mrehani, kamomaili, watu wamevinywa maisha yao yote. Nakubali. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikombe cha mchaichai ni kinywaji salama, na sina ugomvi nacho. Lakini tuwe wakweli hadi mwisho. Huko Brazili, ambako chai ya mchaichai inasifiwa kwa usingizi na utulivu kama kwetu, Leite na wenzake waliipima kwa watu na kuchapisha matokeo mwaka 1986: haikuwadhuru, na wala haikuwaletea usingizi au kuwapunguzia wasiwasi kuliko chai ya kulinganishia. Sehemu mbili za matokeo hayo zinakwenda pamoja. Valeriani nayo, mzizi wa Ulaya unaouzwa duniani kote kwa ajili ya usingizi, ilikataliwa mwaka 2017 na mwongozo wa chama cha tiba ya usingizi cha Marekani kwa kuwa ushahidi wake ni hafifu. Kikombe cha moto jioni, taa zikapunguzwa, simu ikawekwa kando, kinaweza kumsaidia mtu kulala, na anayelala kwa njia hiyo alale salama. Asitozwe tu elfu thelathini kwa unga wa kitu ambacho bibi yake alikichuma bure nyuma ya jiko.

Ukikuta basi unga wa mitishamba ambao unamlaza mtu ndani ya nusu saa kila usiku bila kushindwa, anza kujiuliza. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kuhusu vidonge vya mitishamba vya usingizi ambavyo maabara ilivikuta vina estazolamu, dawa ya usingizi ya kiwandani inayotolewa kwa cheti cha daktari na inayoweza kumtawala mtumiaji. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuwa zikikuta steroidi ndani ya “mitishamba” ya viungo na sildenafili ndani ya “mizizi” ya wanaume. Wanaochanganya hivyo wanajua jambo ambalo matangazo yao yanalificha: mteja anataka nguvu, na nguvu haipatikani bila kitu chenye nguvu.

Pingamizi la pili lina hasira zaidi. Vidonge vya hospitali navyo vinaua, wasema. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi uone orodha ya maudhi ilivyo ndefu. Ni kweli, na orodha hiyo ndiyo inayonipa hoja. Karatasi ya maudhi ni ungamo. Mtengenezaji amelazimishwa kuandika kwamba dawa yake inaweza kuumiza ini, kwamba isitumiwe na mjamzito, kwamba isichanganywe na pombe. Dawa za usingizi za kiwandani zina sifa mbaya inayostahili; mwili unazizoea, zinamwangusha mzee anapoamka usiku kwenda chooni. Tunajua haya kwa sababu kuna watu walihesabu walioanguka. Kopo la unga wa kijani halina karatasi, na ukosefu wa karatasi unasomwa kana kwamba ni ukosefu wa madhara. Ukimya si usalama. Waliokunywa wakaharibikiwa ini hawakuandikwa popote, walizikwa na kuambiwa wamelogwa au siku zao zilikuwa zimefika.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na sitalipita haraka. Linasema kwamba kudai vipimo ni kuendeleza dharau ya mkoloni. Historia inalipa uzito. Waingereza walitunga sheria ya uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na chini ya kivuli cha sheria hizo mganga wa miti, mpiga ramli na mchawi walitiwa kapu moja. Maarifa mengi yalijificha, mengine yalikufa na wenyewe. Aliyesomea shule za misheni alifundishwa kuona aibu kwa mkoba wa babu yake. Kwa hiyo mtu anaposikia leo neno “ithibati” anasikia sauti ya bwana shauri, na simlaumu.

Lakini tazama dharau hasa iko upande gani. Mkoloni alisema dawa za Mwafrika ni maji na ushirikina, hazina kitu ndani. Muuzaji wa leo anaposema haina madhara, amerudia maneno yale yale kwa sauti ya kupendeza: hazina kitu ndani kinachoweza kukugusa vibaya, kunywa kadiri upendavyo, mpe na mtoto. Wachina hawakuitendea hivyo pakanga yao. Mtafiti wao Tu Youyou alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mradi wa siri ulioanza mwaka 1967, alirudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba mmea uliagizwa kulowekwa kwenye maji na kukamuliwa, si kuchemshwa. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Alipopata dondoo iliyowaponya panya na nyani, hakukimbilia kutangaza kwamba ni ya asili. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza, chini ya uangalizi hospitalini, kuona kama ingewadhuru. Nobeli ilikuja mwaka 2015. Yule mwanamke aliheshimu maandishi ya wahenga wake kiasi cha kuamini kwamba jani lile lingeweza kumwumiza. Sisi tunayo Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo. Vyombo hivyo viliundwa na Watanzania, kwa fikra kwamba miti yetu ina nguvu ya kutosha kuhitaji kusimamiwa. Anayevikwepa kwa jina la Uafrika anautumia Uafrika kama mwavuli wa biashara.

Linabaki pingamizi la umaskini. Madaktari bingwa wa akili ni wachache mno, dawa ni ghali, na asiyelala wa kijijini hana kliniki ya usingizi ya kwenda. Mwacheni apate faraja ya bei nafuu, hata kama ni faraja tu. Jibu lake liko Loliondo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aligawa kikombe kimoja cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500. Bei haikumwonea mtu. Serikali ilitangaza kwamba kinywaji chenyewe kilikuwa salama kunywewa. Kwa kipimo cha “haina madhara” kikombe cha mchungaji huyo kilifaulu kuliko dawa nyingi. Hata hivyo foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, wagonjwa wakatolewa vitandani hospitalini na kupakiwa kwenye mabasi, wengine wakafia njiani, na kuna waliorudi nyumbani wakaacha ARV na dawa za kisukari kwa imani kwamba wamepona. Kioevu kisicho na sumu kiliwaua watu kwa kukaa mahali pa tiba yao.

Usingizi unaletwa kwenye mtego huo kwa ulaini zaidi, kwa sababu kutolala mara nyingi si ugonjwa bali ni mjumbe wa ugonjwa. Anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo huenda ana kisukari. Anayekoroma na kukatika pumzi, kisha akasinzia mchana akiendesha bodaboda, njia yake ya hewa inaziba. Anayelala vizuri jioni lakini anaamka saa tisa usiku na kubaki akitazama dari, miezi mitatu sasa, hamu ya chakula imekwisha na kucheka kumekwisha, ana dalili za sonona. Mwingine hana ugonjwa wowote, anakunywa chai ya rangi vikombe vitatu baada ya saa mbili usiku. Hawa wote wanne wanauziwa kopo moja. Maskini ndiye asiyemudu kukosea hapo, maana tajiri akipoteza miezi sita kwenye unga wa kijani bado ana bima na gari la kumkimbiza Muhimbili mambo yakiharibika.

Mambo ambayo muuzaji wa dawa ya kutuliza akili anapaswa kuyajibu si ya maabara ya anga za juu. Ni mmea gani, sehemu yake ipi, umevunwa lini, kijiko kimoja kina gramu ngapi, nani asitumie, usichanganywe na dawa gani. Wanaosema wafanyabiashara wa Kiafrika hawawezi kazi hiyo waende Maua, kwenye soko la miraa la Meru. Miraa ni mmea wa kubadilisha hali ya moyo ambao haumdanganyi mtu: unachangamsha, unafukuza usingizi na njaa, na mtafunaji anajua kwamba kesho yake kuna kununa. Muuzaji wake anatenga madaraja ya giza na kangeta na alele kwa jicho na kidole, anafunga bunda kwenye majani ya mgomba ili lisinyauke, anajua limechumwa asubuhi gani, na analikimbiza sokoni kwa kuwa katinoni, dutu inayompa mteja alichokilipia, huanza kupotea mara shina likikatwa na baada ya siku mbili hivi imebaki kidogo mno. Ukimwambia mtu huyo kwamba bidhaa yake haina nguvu ya kumfanya mtu kitu chochote, atakuona unataka kumharibia biashara.